Shauri limetupwa "kwa gharama": nani anamlipa nani, na analipwa nini?

Jirani yetu mmoja hapa Ngamiani, mjini Tanga, mzee aliye rika moja na marehemu baba yangu, alishinda kesi ya mpaka wa shamba akarudi nyumbani amekunja uso. Shamba lenyewe liko upande wa Pongwe. Aliyemshitaki alidai minazi kumi na ushei iko upande wake, na shauri lilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba kwa miaka kadhaa. Siku ya uamuzi mzee alisikia maneno haya: "Maombi yametupiliwa mbali kwa gharama." Alasiri ile, barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akanigeukia: "Mwanangu, si mimi niliyeshinda? Sasa hizo gharama nalipishwa kwa kosa gani?"

Hakuna aliyecheka, maana nusu ya waliokaa pale walielewa kama yeye. Mmoja akamshauri alipe upesi yaishe. Wa pili akasema sivyo, mzee atarudishiwa kila senti aliyotoa, mpaka nauli ya bajaji na chai aliyokunywa akisubiri kuitwa. Wa tatu akadai mahakama itamlipa pia kwa kusumbuliwa na kukosa usingizi.

Wote watatu walikosea, na siwalaumu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu za Tanzania, na hilo ni jambo jema sana. Lakini maneno mengi yamehamishwa kutoka Kiingereza yakiwa yamebeba maana ambayo mtu wa kawaida hakuwahi kufundishwa. "Kwa gharama" ni mojawapo, na maneno hayo mawili madogo yanaweza kukupa au kukukosesha mamilioni.

Nilimjibu mzee: "Hizo hulipi wewe. Hizo unalipwa wewe. Ila hazitakuja zenyewe mpaka mlangoni."

Gharama, fidia, faini

Tuanze na maneno yenyewe. Gharama za kesi ni fedha ulizotumia kwa sababu tu ya kufungua kesi au kujibu kesi: ada za mahakama, malipo ya wakili, kuchapa na kutoa nakala za nyaraka, kuwaleta mashahidi na kuwarudisha makwao. Usingekuwa na kesi, usingetumia hata shilingi moja kati ya hizo.

Fidia ni kitu kingine. Hiyo hulipwa kwa madhara yaliyowafikisha mahakamani: minazi iliyokatwa, gari lililogongwa, mkataba uliovunjwa. Fidia inaombwa ndani ya kesi na inathibitishwa kwa ushahidi. Gharama zinakuja nyuma yake, kuziba tundu ambalo safari ya mahakamani imelitoboa mfukoni mwako. Ndiyo maana usingizi uliokosa haumo kwenye gharama. Biashara iliyolala kwa kuwa ulikuwa ukihudhuria nayo haimo.

Faini ni adhabu ya mkosaji katika kesi ya jinai, na haimhusu mzee wetu kwa lolote. Haya yote ninayoyaeleza ni ya kesi za madai, yaani mtu na mtu, mtu na kampuni, au mtu na taasisi.

Basi "shauri limetupwa kwa gharama" maana yake ni kwamba aliyelileta ameshindwa, na atabeba gharama za mwenzake. Mlalamikaji akishinda utasikia "mdaiwa atalipa gharama za kesi". Ni mlango uleule, umefunguliwa kutoka upande wa pili.

Kanuni ni kwamba gharama humfuata mshindi, lakini hakimu ana neno

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966, inaliacha suala la gharama mikononi mwa mahakama. Uhuru huo una mpaka. Mazoea na sheria vinakwenda pamoja kwamba anayeshinda ndiye anayepata gharama, na mahakama ikiamua vinginevyo inatakiwa iandike sababu. Hakimu hawezi kumnyima mshindi gharama zake kwa kunyamaza tu au kwa kumwonea huruma aliyeshindwa bila kusema kwa nini.

Sababu za kutotoa gharama zipo, na nyingine ni za haki kabisa. Ndugu waliogombana juu ya mirathi ya mama yao mara nyingi huambiwa "kila upande ubebe gharama zake", kwa sababu mahakama haitaki kuongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuunguza ukoo. Kesi ikianguka kwa dosari ambayo mahakama yenyewe ndiyo iliyoiona, wakati pande zote mbili hazikuigusa, mara nyingi hakuna anayelipishwa. Na mshindi aliyechelewesha kesi makusudi anaweza kukuta ushindi anao lakini gharama hana.

Kuna eneo zima ambako kanuni imegeuzwa. Kesi za kazi, kuanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hadi Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, hazina gharama isipokuwa pale mtu alipoleta shauri la kipuuzi au la kumsumbua mwenzake tu. Ninaiona hekima ndani yake. Mfanyakazi wa shamba la mkonge aliyeachishwa kazi angejua kwamba akishindwa atamlipia mwajiri wakili wake, angeogopa hata kuuliza haki yake. Kwa hiyo ukishinda kesi ya kazi, usimlaumu wakili wako kwamba "amesahau gharama". Hakusahau.

Na serikali? Nimesikia watu wakisema serikali hailipishwi gharama. Inalipishwa. Isichofanyiwa ni kukamatiwa mali. Huwezi kumpeleka dalali wa mahakama akakamate gari la halmashauri. Mahakama hutoa hati inayothibitisha deni, na malipo hufuata njia za serikali yenyewe, ambazo zinahitaji subira.

Jambo moja la kuangalia siku ya hukumu: sikiliza sentensi za mwisho. Hukumu ikiwa kimya kabisa kuhusu gharama, hakuna amri utakayoishika mkononi baadaye. Wakili wako, au wewe mwenyewe kama huna wakili, usione haya kusimama na kuuliza kwa heshima.

Amri si hundi

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, na hapa ndipo mzee wetu angepotelea kama asingeuliza. Amri ya gharama haitaji kiasi. Inasema tu unastahili kulipwa. Kiasi kinatafutwa kwa hatua nyingine, yenye maombi yake, tarehe zake na mabishano yake.

Mshindi anaandaa hati ya gharama, yaani orodha ya kila kitu alichotumia, kipengele kwa kipengele, na tarehe na kiasi chake. Anaiwasilisha kwa mkadiriaji wa gharama. Mahakama Kuu, kama ile Kanda ya Tanga hapa mjini, kazi hiyo hufanywa na Msajili au Naibu Msajili. Mahakama za chini hufanywa na hakimu, na kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hufanywa na mwenyekiti. Aliyeshindwa anapewa nakala na anayo haki ya kupinga kila mstari. Mawakili wakizungumza wao kwa wao huiita hatua hii kwa neno la Kiingereza, "taxation", linalofanana na lile la kodi, ndiyo sababu mtu mwingine hushtuka akadhani TRA imeingia kwenye kesi yake. Hakuna kodi hapo. Ni kukadiria tu.

Muda ni siku 60 tangu tarehe ya amri iliyokupa gharama. Umewekwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, ile iliyochapishwa kama Tangazo la Serikali Na. 264. Siku 60 zinaonekana nyingi ukiwa umetoka kushinda. Watu wanasherehekea, wanapumzika, wanasubiri mwenzao "atafute mwenyewe" namna ya kulipa, na miezi miwili imekwisha. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda, na hapo utadaiwa sababu ya maana. "Sikujua sheria" haijawahi kuwa sababu nzuri mbele ya mahakama.

Hati yenyewe ina mafungu mawili makubwa. La kwanza ni fedha ulizotoa mfukoni kwenda kwa wengine: ada za mahakama ulizolipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nakala, usafiri na posho za mashahidi. Haya yanataka ushahidi. Mkadiriaji akidai risiti na huna, mstari huo unakatwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo msemo huo unatimia kama kwenye chumba cha ukadiriaji.

La pili ni ada ya wakili, na kuu ndani yake ni ile ya kupokea na kuiandaa kesi yako. Hapa kuna hofu iliyoenea, kwamba bila risiti ya EFD ya wakili hupati kitu. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika shauri la gharama lililofika mbele yake, kwamba ada hiyo haihitaji kuthibitishwa kwa risiti wala kwa mkataba wa malipo, kwa sababu mkadiriaji anaipima kwa viwango vilivyowekwa na kwa uzito wa kesi. Huko Mahakama Kuu kumekuwa na maamuzi yanayopishana kuhusu jambo hilo. Ushauri wangu ni mfupi: dai risiti kwa wakili wako kila unapomlipa. Ni haki yako hata kama hutaihitaji.

Asiye na wakili naye anaweza kudai. Hatapata ada ya wakili ambaye hakuwa naye, lakini ada za mahakama, nakala na mashahidi ni zake.

Kwa nini hupati zote

Tanga ni mji wa baiskeli, basi tutumie baiskeli. Kijana kakugonga pale karibu na soko, ringi ya nyuma imepinda. Amekubali kosa, atalipa matengenezo. Wewe unakwenda kwa fundi, na kwa kuwa unajua halipi mtu mwingine ila yeye, unaweka ringi ya bei ya juu kuliko zote, unabadilisha na kiti, unaongeza taa. Ukimpelekea hesabu atakuuliza, tena kwa haki: ringi ya kawaida kwa mafundi wa hapa ni kiasi gani? Hiyo nalipa. Kiti na taa ni mapenzi yako.

Mkadiriaji wa gharama anauliza swali hilohilo. Haulizi ulitumia kiasi gani. Anauliza kesi ya aina hii, yenye ugumu huu, ilihitaji kiasi gani ili iendeshwe vizuri. Ukiamua kumleta wakili mkubwa kutoka Dar es Salaam kwa kesi ya minazi kumi, hiyo ni haki yako, lakini tofauti ya bei ni yako pia. Mkataba wako na wakili unakufunga wewe na wakili. Mwenzako hakuutia saini.

Msingi wa fikra hii ni wa zamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ilipokuwa bado inazihudumia nchi zetu tatu kwa pamoja, iliweka mizani ambayo mahakama zetu zinaitumia hadi leo katika shauri la Premchand Raichand na Quarry Services. Ilisema gharama zisiruhusiwe kupanda kiasi cha kuwafanya matajiri peke yao ndio waweze kwenda mahakamani. Ikasema vilevile kwamba mshindi arudishiwe kwa haki kile alicholazimika kutumia, kwamba malipo ya mawakili yawe ya kutosha kuwavutia watu kuingia katika kazi hiyo, na kwamba kesi zinazofanana zikadiriwe kwa namna inayofanana.

Mimi naona sababu ile ya kwanza ndiyo moyo wa jambo lote. Mfikirie mvuvi wa pale Deep Sea, hapa Tanga, aliyenunua injini ya boti ikafa ndani ya wiki mbili, na muuzaji ni kampuni yenye uwezo. Mvuvi anajua anaweza kushindwa, kwa sababu kesi zote zinaweza kushindwa. Kama kushindwa kungekuwa na maana ya kulipia kila shilingi ambayo kampuni iliamua kuwamwagia mawakili wake, angekaa na injini yake mbovu, akanyamaza. Kukatwa kwa hati za gharama kunamuuma mshindi wa leo, lakini kunaiacha milango ya mahakama wazi kwa watu wa uwezo mdogo. Nikimwona mtu analalamika kuwa hati yake ya milioni nne imetoka milioni mbili, ninamwonea huruma, na bado nisingependa sheria hiyo ibadilishwe.

Kuna na mtego kwa wanaopandisha hesabu wakitegemea "zitakatwa tu". Hati ikikatwa zaidi ya moja ya sita, ukiweka kando ada za mahakama, aliyeileta anakosa gharama za huo ukadiriaji wenyewe. Chukua hati ya shilingi 6,300,000, ndani yake 300,000 ni ada za mahakama. Zinabaki 6,000,000, na moja ya sita yake ni 1,000,000. Zikikatwa 1,500,000, umevuka mstari. Siku zote ulizohudhuria kupigania hati hiyo zimekula kwako. Hati ya kweli, hata ikiwa ndogo, huwa salama zaidi.

Asiyeridhika na ukadiriaji, awe aliyekatwa au aliyelipishwa, anapeleka malalamiko Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Jaji hapendi kuingilia kiasi kwa kuwa yeye tu angetoa kingine. Huingilia mkadiriaji akiwa amekosea kanuni, au kiasi kikiwa kimepitiliza au kimepungua hadi kinaonyesha kosa.

Kupata karatasi na kupata fedha

Kiasi kikishakadiriwa kinakuwa deni kama tuzo nyingine, yaani amri nyingine ya mahakama ya kulipa. Mwenzako akilipa, yameisha. Asipolipa, unarudi kuomba kukazia hukumu: mali ikamatwe na iuzwe na dalali wa mahakama, au akaunti ishikwe, na kadhalika. Si kila mali inagusika. Sheria inazilinda nguo, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa, zana za kazi za fundi, na nyumba anayoishi yeye na familia yake. Kabla hujatumia fedha nyingine kukazia, jiulize kwa utulivu mwenzako ana nini.

Watu hupenda kutaja jela. Kifungo cha madai kipo, lakini si adhabu ya umaskini. Kwa kawaida mahakama hutaka kuona kwamba mdaiwa anao uwezo na anakwepa. Na anayeomba mwenzake afungwe ndiye anayelipia posho ya kumtunza huko ndani. Wengi wakisikia hilo huliacha wazo lenyewe.

Kwa sisi wa mkoa unaopakana na Kenya kuna jambo lingine. Mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka wa Horohoro akikushitaki hapa, na hana mali isiyohamishika ya kutosha ndani ya Tanzania mbali na ile mnayoigombania, unaweza kuiomba mahakama imwamuru aweke dhamana ya gharama mapema. La sivyo unaweza kushinda vizuri ukabaki na karatasi, na mwenzako yuko kwao Mombasa.

Mzee nilimweleza haya kwa siku mbili tatu, si kwa kikao kimoja. Jioni ya tatu alikuja na mfuko wa plastiki umejaa risiti za miaka yote, nyingine zimefifia hata hazisomeki. Tulizitandaza juu ya mkeka. Tukaziweka upande mmoja za ada, upande mwingine za nakala, kisha zile za nauli ya shahidi wake wa Muheza. Alitaka kuweka na dawa za presha alizonunua mwaka ule wa pili wa kesi. Nikamwambia, "Hiyo haimo, mzee wangu." Akaishika kidogo ile karatasi ya duka la dawa, akaikunja, akairudisha mfukoni mwa kanzu.

Kisha tukafungua kalenda na kuhesabu. Ilikuwa siku ya 38. Akauliza kama anaruhusiwa kumwita mwenzake wakakubaliana kiasi bila kupelekana tena, maana wanaswali msikiti mmoja. Anaruhusiwa. Wakiafikiana waandike, wasaini, na makubaliano yapelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba yarekodiwe. Lakini nilimwomba asisubiri jibu la mtu huku siku zinahesabika, aandae hati na aiwasilishe, na mazungumzo yaendelee nayo ikiwa ndani. Hati aliiwasilisha wiki iliyofuata. Mwenzake amepewa nakala yake, na Ijumaa waliyokutana msikitini walisalimiana.